Usiniambie Tena Ni Nywele Tu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Nasra, wewe ulikuwa hujazaliwa. Lakini jana Ijumaa, jikoni kwako Mirdif, hapa Dubai, uliirudisha nzima nzima kwa maneno matatu. Uliniambia, "Mama, ni nywele tu." Nikakutazama, nikauchukua mkasi uliokuwa juu ya meza nikautia mkobani mwangu, nikamwambia dereva wako anirudishe kwangu Rashidiya. Hata chai sikunywa. Ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka hata kidogo, nilikuwa nimekasirika, na leo asubuhi ninapokuandikia bado sijapoa.

Hebu tuanze na hiyo Ijumaa yenyewe, usije ukasema mama amezeeka, hasikii vizuri. Ulialika rafiki zako wa kazini, wanawake pekee, mkavua mabuibui yenu, mkakaa mezani kwa raha zenu. Mmoja wao akavuta unywele mrefu kutoka kwenye biriani. Akauinua juu, kila mtu auone, akacheka. Wewe ukaona haya, na hapo sikulaumu, kwani mwenye nyumba gani asingeona haya? Wageni walipoondoka ukamwita Padma, mtumishi wako, aliyekulelea watoto wako wote wawili. Ukamwambia mbele yangu kwamba nywele zake zinazofika kiunoni hazifai jikoni kwako, na kwamba ikifika kesho Jumapili jioni unataka kuziona zimekomea mabegani. La sivyo utamkatia tiketi arudi kwao India. Kisha ukaleta mkasi ukauweka mezani, ukasema kama hataki kwenda saluni utamkata mwenyewe.

Padma hakulia. Aliushika msuko wake kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake alichojifunza kwa wanao, "Madam, kazi yote mimi fanya. Nywele hapana weza kata. Nywele hii ya Mungu."

"Khalas, Padma, yamekwisha," ukamwambia. "Yalla, nenda kaoshe vyombo."

Halafu ukanigeukia mimi na hayo maneno yako matatu, tena unatabasamu.

Sasa kaa kitako. Weka simu chini. Nataka ujue bibi yako mzaa baba, Bi Asiya, alinifanya nini mimi siku niliyoyatamka maneno hayo hayo.

Nilikuwa bado bibi harusi, nimetoka Unguja nimeletwa kwa wakwe zangu katika nyumba hii hii ya Rashidiya ulimozaliwa wewe. Bi Asiya ndiye aliyekuwa mama mkwe wangu, na sikufichi, nilikuwa namwogopa. Alikuwa mfupi, mwembamba, lakini akisema jambo uani, jirani wa mwisho mtaani alijua leo tunapika nini. Vile vyumba viwili vya mbele, karibu na geti, ambavyo siku hizi tunawekea masanduku, alikuwa amempangisha Mhindi mmoja wa kusini aitwaye Raman, muuzaji katika duka la vitambaa, pamoja na mkewe Kamala. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, jina lake Venu.

Huyo Venu alikuwa na nywele ndefu za kufika mgongoni. Mama yake alikuwa akizisuka na kuzitia ua, na mgeni akija humwita binti mzuri. Jambo hilo lilimkera Bi Asiya asubuhi na jioni. "Jamani, mtoto wa kiume huyu!" alikuwa akisema. "Na joto hili! Huyu Kamala maskini hana mama hapa, hana mkwe, hana hata shangazi wa kumwelekeza." Liweke hilo akilini, Nasra. Bibi yako hakuwa na chuki hata chembe. Alikuwa akimhurumia kwa dhati, na ndiyo maana hakuona haja ya kuuliza.

Basi Kamala akashikwa na uchungu wa mtoto wa pili, akapelekwa hospitali, Venu akabaki kwetu. Ilikuwa kiangazi, hewa yenyewe ilikuwa kama mvuke wa sufuria. Mtoto akatokwa na vipele vya joto shingoni, anajikuna, analia usiku kucha na mchana kutwa. Bi Asiya akaamua. Akasema mama yake ana kazi ya kunyonyesha sasa, hawezi kuhangaika na nywele, basi tumfanyie wema, atarudi akute mambo yamekwisha.

Na alilifanya kwa heshima zote, kama alivyowafanyia watoto wake mwenyewe siku zao za saba tangu kuzaliwa. Alitandika mkeka, akachemsha maji, akamwambia Venu akae mapajani mwangu na kipande cha halua mkononi. Akasema bismillahi, akamnyoa taratibu, hakumtoa hata tone la damu, akampaka maji ya waridi. Nywele zote akazikusanya, hata zile zilizodondoka ukingoni mwa mkeka, akazifunga kwenye kitambaa cheupe. Akatoa sadaka ya fedha kwa uzito wa zile nywele. Kisha akachimba chini ya ule mkunazi wetu uani akazizika, kwa sababu kwetu nywele za mtoto hazitupwi zikaja kukanyagwa na kila apitaye. Alipomaliza alikuwa ametulia kama mtu aliyetoka kusali. Nami nilimwona mwema, na kweli alikuwa mwema.

Kamala akarudi na mtoto wa kike mchanga. Venu akamkimbilia, kichwa kinang'aa.

Laiti angepiga kelele! Nilitamani apige kelele. Alimpa mumewe kile kichanga, akapiga magoti pale pale mlangoni, akakipapasa kichwa cha mwanawe kwa viganja vyote viwili, nyuma, mbele, juu, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe na hakioni.

"Amma," akasema, ndivyo alivyokuwa akimwita mkwe wangu, "nani?"

"Mimi, mwanangu," Bi Asiya akajibu, bado anatabasamu. "Mwangalie alivyopendeza!"

Ni Raman aliyetueleza, amesimama na kichanga mikononi, anachanganya Kiarabu na Kihindi na maneno machache ya Kiswahili aliyookota kwetu. Kabla ya Venu walikuwa wamezaa watoto wawili na wote wawili walifariki. Kamala alipopata mimba ya tatu, aliweka nadhiri kwa mungu wao, katika hekalu lililo juu ya mlima huko kwao. Aliahidi kwamba huyu akiishi, wembe hautagusa kichwa chake mpaka afikishwe huko, na nywele zake za kwanza ziangukie huko. Wao wanaamini nywele za tumboni mtoto huja nazo pamoja na mazito yote aliyotoka nayo katika maisha ya kabla ya haya, na siku ya kunyolewa ndiyo siku ya kuyatua mbele ya mungu wao na kuanza upya. Miaka mitatu walikuwa wakimwomba arbab, mwajiri wa Raman, ruhusa ya safari, naye hakutoa. Sasa alikuwa ametoa. Walikuwa waondoke mwezi uliofuata.

Ndipo nikaelewa kwa nini Kamala alikuwa hamruhusu mtu mwingine kumchana Venu. Nilikuwa nikidhani ni maringo.

Baadaye, kwa kukaa nao, nilijifunza mengi kuhusu nywele kwa Wahindi. Kwao mke huziacha zikue, akazitia mafuta, akazisuka na asumini, na hiyo ni alama kwamba nyumba yake imesimama. Zamani mjane ndiye aliyekuwa akinyolewa, kila amwonaye ajue hana mume. Kuna watawa wao wanaoziacha zikajisokota zenyewe, kwa kuwa wameiacha dunia na mapambo yake. Na kuna wale wa dini nyingine, wavaa vilemba, uliokuwa nao shuleni, ambao mwanamume hakati unywele toka anazaliwa mpaka anakufa, kwa sababu hivyo ndivyo Mungu alivyomwumba naye hataki kumsahihisha. Wanaokata wanakata kwa ajili ya Mungu, na wanaoziacha wanaziacha kwa ajili ya Mungu. Si dini yangu, wala sikwambii uifuate. Nakwambia ujue unashika nini unaposhika mkasi.

Lakini siku ile sikuwa nikijua lolote. Nilichoona ni mama mkwe wangu ameaibishwa kwenye mlango wake mwenyewe, nami mkwe mpya nikataka kujipendekeza. Nikamshika Kamala bega, nikamwambia, "Dada, nyamaza. Ni nywele tu, zitaota."

Bi Asiya aligeuka. Wallahi, Nasra, nimeshafokewa maishani, na baba yako Mungu amrehemu hakuwa mpole, lakini vile sijawahi kufokewa.

"Funga mdomo wako!" akaniambia. "Baba yako aliporudi Makka amenyoa kichwa, ulimwambia nini? Ulimwambia hongera, umepitia kwa kinyozi? Mimi nimechukua kitu alichomwekea Mungu wake, nawe unamwambia zitaota! Zitaota nyingine. Hizi alizoahidi zitaota? Nijibu! Usilitamke tena neno hilo nyumbani kwangu, leo wala kesho!"

Nikajibanza ukutani, machozi yananitoka. Nilidhani atamtafutia Kamala maneno ya kumpoza, au atajitetea. Nani angemlaumu? Alikuwa mwenye nyumba, alikuwa mtu mzima, na alikuwa amefanya kwa nia njema. Badala yake akatoka uani, juani, saa ambayo hata paka walikuwa wamejificha, akapiga magoti chini ya mkunazi na kuanza kufukua kwa mikono. Nilimletea mwiko wa fundi uliokuwa umesahauliwa bandani, akaukataa. Alifukua mpaka kucha zikatoka damu. Akalitoa lile furushi jeupe, akalipangusa mchanga, akaenda mlangoni kwa Kamala akaliinua kwa mikono miwili.

"Nimekukosea," akasema. "Nimefanya ya kwetu kwa mtoto wako, na sikukuuliza."

Kamala akalipokea kwa pindo la sari yake. Mlango ukafungwa.

Ungetaka niishie hapo, najua. Mtu amekosa, ameomba radhi, basi yamekwisha, tunywe chai. Hayakwisha.

Waliondoka mwezi uliofuata. Siku waliyorudi, mimi ndiye niliyefungua geti. Raman alitangulia na masanduku, Venu akafuata, na nyuma yao akaja mwanamke aliyejitanda sari mpaka usoni na kichanga kifuani. Sikumtambua. Sari ilipoteleza ndipo nilipoona ni Kamala, na kichwa chake kimenyolewa chote. Ule msuko wake uliokuwa ukimpiga magotini akitembea, uliokuwa ukisifiwa na wanawake wa mtaa mzima, haukuwapo. Wahindi wenzake waliokuwa wakipita walisimama wakamtazama yeye, kisha wakamtazama mumewe aliye hai, wakanong'onezana.

Bi Asiya alitoka, akashika mlango. "Kamala! Ndiyo nini hii?"

"Nywele za Venu zilikatwa mahali pengine, mkono mwingine," Kamala akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Nikampa Mungu hizo, nikampa na zangu juu yake. Khalas, Amma. Sasa kumekwisha."

Bibi yako akarudi chumbani mwake. Nilimsikia akilia mpaka magharibi, yeye ambaye msiba wa mumewe aliukabili macho makavu. Na aliyeingia kumbembeleza alikuwa Kamala mwenyewe, na kipara chake, amebeba maji ya kunywa. Waliishi kama mama na binti mpaka Raman alipohamishia familia yake kwao. Lakini mimi nilijua wema wetu ule ulilipiwa na nani. Kila nikimwona Kamala akijitanda sari mpaka kwenye nyusi ili asitazamwe sokoni, nilikuwa nikikasirika upya, na sijui hata nilikuwa nikimkasirikia nani.

Sasa tuje kwako.

Jana, wewe ukiwa getini unawaaga wageni, mimi nilikuwa jikoni na Padma. Nilimwuliza kwa nini amezifuga nywele hivyo, jambo ambalo wewe hukulifanya. Aliniambia binti yake aliye kwao alizaliwa na ugonjwa wa moyo. Alipopasuliwa, Padma alikuwa kwako, anawaogesha wanao. Usiku huo aliahidi kwamba binti akiamka, atazikuza nywele zake na kuzipeleka mwenyewe mlimani, zikiwa kichwani mwake, siku atakapopata likizo. Binti aliamka. Likizo yake wewe mwenyewe umeshaipanga, ni baada ya Idi. Nywele hizo anazotaka kumpa Mungu wake anazipaka mafuta ya nazi kila usiku kwenye kile chumba kidogo ulichompa, kisicho na dirisha, ambacho nacho siku moja tutakizungumza. Na wewe unataka azikate jikoni, ziende kwenye pipa la takataka pamoja na maganda ya vitunguu. Bi Asiya alikosea, lakini angalau alizika kwa heshima, kikapatikana cha kurudisha. Wewe utafukua wapi?

Halafu liko jambo linalonichemsha damu kuliko yote. Jana kichwani mwako ulikuwa umevaa nini? Zile nywele ulizonunua sokoni Deira, ulizovaa pia kwenye harusi ya shoga yako Mariamu, ukawa unamshikisha kila mtu, "Shika, shika, si za plastiki, ni za Kihindi halisi." Za Kihindi halisi, mwanangu, maana yake zilimea kwenye kichwa cha mwanamke. Huenda alikuwa kama Kamala, akazitoa huko mlimani kwa machozi, wakazikusanya wakaziuza, zikaja kukaa kichwani mwako ukizungusha shingo. Dini yetu inasemaje kuhusu hilo, nakuachia wewe na Mola wako. Mimi nasema hivi: nywele za Mhindi usiyemjua umezilaza kwenye boksi lenye hariri, na nywele za Mhindi anayekupikia umezitolea mkasi. Huoni haya?

Na nani alikwambia unywele wa kwenye biriani ulikuwa wa Padma? Padma alikuwa amefunga kichwa kwa kitambaa toka asubuhi mpaka wageni walipoondoka, nimemwona kwa macho yangu. Aliyekuwa amelisimamia sinia, anapakua na kurusha nywele nyuma ya bega kila akicheka, ni mwingine. Sikusema mbele ya wageni kwa sababu wewe ni mwanangu. Nami sitasema tena. Jiulize mwenyewe, kisha uende kwenye kioo.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaki uigeuzegeuze. Kilicho mwilini mwa mtu si chako, hata kama unamlipa mshahara, hata kama visa yake iko mkononi mwako, hata kama unamtakia mema. Usipojua kitu kina maana gani kwake, uliza. Kuuliza hakukupunguzii umadamu wako. Ukiambiwa ni cha Mungu, usipime kama ni Mungu wako au wake, ondoa mkono. Ukitaka jiko safi, nunua vitambaa vya kichwa, kimoja chake na kimoja chako. Na leo, kabla jua halijazama, nenda ukamwombe Padma radhi kwa mdomo wako, si kwa zawadi. Mwambie likizo yake iko pale pale. Usinitume mimi, wala usimtumie ujumbe.

Mkasi wako ninao hapa juu ya meza. Najua Dubai imejaa mikasi, ukitaka kumkata utamkata, na mimi sina nguvu za kukuzuia. Lakini lipo la mwisho nataka ulijue kwanza.

Siku yako ya saba, Bi Asiya alikuja kunikuta kitandani, wembe mkononi, maji ya waridi tayari. Mwanamke yule hakuwahi kuniomba ruhusa ya jambo lolote. Hata jina lako nililisikia yeye akimwambia jirani. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniuliza, "Nimnyoe?" Nikasema ndiyo, Mama. Hakuridhika. Akaniuliza tena, "Wewe ndiye mama yake. Nimnyoe?" Nikamwambia ndiyo, ndipo akaingia. Nywele zako alizizika chini ya mkunazi, katika shimo lile lile alilofukua kwa kucha zake. Bado zipo. Kila ukija kunitazama unaegesha gari lako hapo kivulini.

Mola akupe, mwanangu, moyo wa kusimama mlangoni na kuuliza, kama alivyompa bibi yako baada ya machozi, wewe akupe kabla. Akukuzie wanao, na amkuzie Padma binti yake. Kesho njooni kwangu wote mle mchana. Padma akishuka garini na msuko wake mgongoni, nitakurudishia mkasi wako, na nitacheka nawe.

Mama yako.